Mama mkwe hataki boga lichongwe, na watoto wanalia

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, wa kike ana miaka 9 na wa kiume miaka 5. Kwetu ni Muheza, mume wangu ni mtu wa Mpwapwa, na tunaishi Lowell, jimbo la Massachusetts, Marekani. Tangu Agosti tuna ugeni wa mama mkwe, na Mungu akipenda tutakuwa naye hadi Januari. Ni mzee wa kanisa huko kwao, mama mwenye upendo, na wanangu wanampenda kupita kiasi.

Shida yetu imeanzia kwenye boga. Huku ikifika mwishoni mwa Septemba, maduka ya vyakula yanapanga nje makasha makubwa yaliyojaa maboga. Siku tuliyokwenda naye sokoni mama alifurahi sana. Aliyagonga kwa kidole moja baada ya jingine akisikiliza, akaniambia, "Kumbe na huku maboga mnayo!" Tukachukua moja kubwa. Tulipofika nyumbani binti yangu akamwambia, "Bibi, hilo haliliwi, tunalichonga la Halloween," akamwonyesha picha kwenye simu: macho, meno, taa inawaka ndani.

Mama alinyamaza, kisha akasema mambo mawili. La kwanza, hiyo ni ibada ya mizimu na hataki kuiona katika nyumba ya mwanawe. La pili, ni dhambi kuchukua chakula kizima, ukakitoboa na kukiweka nje kioze. Akamalizia kwamba tukichonga, atafutiwe tiketi arudi.

Mume wangu anafanya kazi za usiku. Nikimuuliza ananijibu, "Msikilize mama." Nikimuuliza yeye mwenyewe anaonaje, anasema amechoka anataka kulala. Lakini Shangazi, mwaka jana ni yeye aliyewavalisha watoto, akawazungusha mtaani usiku wa Halloween, tarehe 31 Oktoba, kugonga milango na kuomba peremende! Hilo mama halijui.

Binti ameniuliza mbona mtaa mzima wana maboga kwenye ngazi isipokuwa sisi. Mdogo wake yeye analia tu. Na hofu nyingine ni visu. Mwaka jana tuliweka boga zima mlangoni bila kulichonga, kwa sababu mtoto wa jirani alikuwa ameshonwa kiganja baada ya kuteleza na kisu cha jikoni.

Je, ni kweli huu ni ushetani? Nimfanyeje mama bila kumvunjia heshima? Na kama tutachonga, tutachongaje mtu asiumie?

Mama wa Wawili, Lowell

*

Marahaba mwanangu. Mpe mama salamu zangu, na umwambie kuna mtu amefurahi kusikia kwamba hata Marekani bado anagonga boga kabla ya kulinunua.

Nitaanza na mume wako, kwa sababu visu na mizimu vina majibu, lakini ukimya wake unakuumiza wewe kila siku. Mama anaamini kwamba haya mambo umeyaleta wewe, mkwe, na kwamba mwanawe anayavumilia. Ndivyo atakavyoamini maadamu mwanawe hasemi. Siku asiyo na zamu, watoto wakiwa shule na mama amejipumzisha, keti na mume wako. Usimlaumu kwa mwaka jana, mwambie tu kwamba unataka mkate shauri pamoja kabla ya wiki ya mwisho ya Oktoba: kipi kinaingia nyumbani kwenu na kipi hakiingii. Mkikubaliana, yeye ndiye akamwambie mama yake, kwa Kigogo kama wamezoea, na amweleze pia ya mwaka jana kwa kinywa chake mwenyewe. Mama akiyasikia kwa mwanawe atayachukulia tofauti kabisa na akiyasikia kutoka kwako, au kwa mjukuu aliyeropoka mezani. Wewe usiwepo kwenye mazungumzo hayo. Kapike chai.

Na mnapokata shauri, kumbukeni kwamba mambo haya yanaweza kutenganishwa. Kuchonga boga ni jambo moja, mavazi ya kutisha ni jingine, kwenda kuomba peremende ni jingine tena. Ziko familia nyingi za waumini huko zinazochonga boga la uso unaocheka, zinamvalisha mtoto nguo za zimamoto au za simba, na mafuvu na damu za bandia hazivuki kizingiti. Makanisa mengi ya Marekani yanafanya sherehe ya mavuno jioni hiyo hiyo, watoto wakapata peremende zao chini ya uangalizi. Uliza parokiani kwenu.

Sasa swali la ushetani. Sitakudanganya kwamba hakuna kitu hapo, kwa sababu mama hajatunga. Huko Ireland na Scotland, kabla ya Ukristo, watu walikuwa na sikukuu iliyoitwa Samhain, mwisho wa mavuno na mwanzo wa majira ya baridi, na waliamini kwamba usiku ule wafu na viumbe wasioonekana husogea karibu na walio hai. Baadaye Kanisa la Magharibi likaweka Sikukuu ya Watakatifu Wote tarehe 1 Novemba, na mkesha wake ndio uliozaa jina la Halloween. Kama wewe ni Mwanglikana unaijua sikukuu hiyo, imo kwenye kalenda yenu ya ibada. Mila za kale zikaendelea kuishi ubavuni mwake.

Boga lenyewe halikuwamo kabisa. Waairishi walikuwa wakichonga tanipu, ule mzizi mgumu wa jamii moja na figili, wakaweka mshumaa au kaa la moto ndani. Walikuwa na hadithi ya mtu bahili aitwaye Jack aliyemlaghai Shetani. Alipokufa mbinguni hakukubaliwa, na Shetani naye alikuwa amekwisha kuapa kutoichukua roho yake, akabaki anatangatanga gizani na kaa la moto ndani ya tanipu. Ni hadithi ya kuonya watu ujanja na ubahili, na taa hizo ziliwekwa ili kuyafukuza mabaya. Tawi la Makumbusho ya Taifa ya Ireland lililoko karibu na mji wa Castlebar limehifadhi nakala ya plasta ya tanipu moja ya namna hiyo kutoka Donegal, ya mwanzoni mwa karne ya 20. Lina meno na macho yaliyobonyea, linatisha kuliko boga lolote utakaloliona Lowell. Waairishi walipohamia Marekani kwa wingi katika karne ya 19, hasa wakati wa njaa kuu ya viazi iliyoanza mwaka 1845, walikuta boga: kubwa, laini kuchonga, na lenye uwazi tayari ndani. Tanipu ikaachwa.

Ukiniuliza mimi leo, mtoto wa miaka 5 anayechora tabasamu kwenye boga kwenye ngazi ya nyumbani haabudu mtu. Anataka kuwa mmoja wa watoto wa mtaa wake. Si mbali na kwenu, mji wa Keene jimboni New Hampshire, mwaka 2013 watu waliwasha kwa pamoja maboga 30,581 yaliyochongwa na kuvunja rekodi ya dunia, na waliokuja kutazama walikuwa wazazi na watoto mikononi. Mimi ningechonga. Lakini mume wako akikaa, akafikiri, na dhamiri yake ikakataa kweli, si kwa kumwogopa mama, basi heshimuni hilo bila kinyongo. Boga zima lisilotobolewa ni pambo la mavuno tu, na likikaa pakavu pasipo na barafu linaweza kudumu hadi Sikukuu ya Shukrani, Alhamisi ya nne ya Novemba. Watoto wanaweza kulipaka rangi. Hakuna kisu, na hakuna sura ya kumtisha bibi.

Twende kwenye neno la pili la mama, la chakula. Kwangu ndilo zito zaidi, na ningependa nyote wawili mlichukue hivyo. Huyo ni mama wa Mpwapwa. Anaijua miaka ambayo mvua haikuja, anajua boga lililohifadhiwa darini linamaanisha nini kwa nyumba yenye watoto. Usimjibu kwamba huku maboga ni ya bei rahisi. Mwonyeshe kwamba hakuna kitakachotupwa, na ulifanye hilo kwa vitendo.

Kwanza, nunueni maboga ya aina mbili. Lile kubwa la kuchonga, na hasa aina ya Howden iliyoendelezwa na mkulima John Howden huko huko Massachusetts miaka ya 1960, lilichaguliwa kwa umbo lake zuri na kikonyo kinene. Nyama yake ina maji mengi na nyuzinyuzi. Mama akilipika atalalamika, na atakuwa na haki. Kwa chungu mchukulieni yale madogo ya duara yanayouzwa kwa jina la Sugar Pumpkin, au kabocha, lenye ganda la kijani na nyama kavu, tamu, inayokaribia sana ladha ya kwetu. Hapo Lowell mna bahati ambayo wengi hawana: kuna Wakambodia wengi, na Wakambodia nao ni watu wa boga na tui. Wanajaza boga zima mchanganyiko wa mayai na tui la nazi wakalipika kwa mvuke. Mpeleke mama kwenye duka lao. Atapata tui, atapata iliki, na sitashangaa akirudi na rafiki ingawa hawaelewani hata neno moja.

Mbegu za lile boga kubwa ni zake. Siku ya kuchonga mpe bakuli, achambue mbegu kwenye zile nyuzi, azioshe, azianike juu ya kitambaa, kisha azikaange kwa chumvi kama afanyavyo kwao. Wewe ukitaka kutumia jiko la oveni, nyuzi joto 150 za Selsiasi kwa dakika 20 hadi 30, unazigeuzageuza. Nyama mnayoikwangua ndani ikiwa mbichi na safi inaweza kupondwa ikaingia kwenye uji. Ila boga likishachongwa na kulala nje na taa ndani, lisirudi jikoni tena. Hilo mwambie mapema, asije akaliokoa usiku kwa huruma.

Ninakuomba usimpe kazi hiyo kama hila ya kumnyamazisha. Mpe kwa kuwa ndiye anayejua zaidi kuhusu boga katika nyumba hiyo. Na akisema hataki kukaa mezani kabisa, mwache, mbegu zitamsubiri.

Haya, visu. Weka kisu cha jikoni kabatini. Kinachoumiza watu ni kisu kirefu chenye makali kinachonasa kwenye ganda gumu, mtu anasukuma kwa nguvu, kinachomoka ghafla na kuingia mkononi. Madukani kuna vijisu vya kuchongea maboga, vyembamba, vyenye meno ya msumeno na mpini wa plastiki. Vinakata kwa kwenda juu na chini taratibu, havihitaji nguvu. Madaktari wa watoto wa Marekani wanashauri kwamba mtoto mdogo asichonge kabisa: achore yeye, mzazi akate. Kwa hiyo wa miaka 5 apewe kalamu nene ya wino na kijiko. Wa miaka 9 anaweza kukata jicho moja kwa kijisu hicho, mkono wako ukiwa karibu na wake, kisha umalizie wewe. Asilazimishwe.

Tandikeni magazeti mezani. Boga likaushwe kabisa, maana likiwa na maji linateleza. Kata kifuniko kuzunguka kikonyo, lakini ulaze kijisu kiasi ncha ikielekea katikati, ili mkato uwe wa mshazari. Ukikata wima, kifuniko kitatumbukia ndani. Acha na pembe moja ndogo kwenye duara hilo, kama alama ya kukuonyesha kinarudi upande gani. Kisha watoto wote wawili waingize mikono. Wa kiume anaweza kukunja uso kwa ule utelezi na baridi ya nyuzi kati ya vidole, halafu baada ya dakika moja asitake kuacha. Kijiko kikubwa cha chuma kinakwangua vizuri. Upande utakaochorwa uso ukwangueni hadi ubaki unene wa sentimita 2 na nusu hivi. Ukiacha mnene utatoa jasho kukata, ukipunguza sana uso utalegea na kukunjamana siku ya pili.

Wachore wenyewe. Jicho moja likiwa juu na jingine chini, usirekebishe. Anza kukata vipande vidogo, macho na pua, na mdomo umalizie mwisho, kwa kuwa kila tundu linadhoofisha ukuta. Meno wachore manene, membamba huvunjika. Mkono usiokata usiwe ndani ya boga wala mbele ya kijisu. Kipande kikigoma kutoka, usikichokonoe kutoka nje, kisukume kwa kidole kutokea ndani baada ya kuondoa kijisu.

Msichonge mapema. Boga lililochongwa hudumu siku 3 hadi 5 hivi kwenye baridi ya kwenu, kisha ukungu unaanza na kindi wanakuja kutafuna kingo. Siku 2 kabla ya tarehe 31 inatosha. Kama hamtalipeleka kwa wanyama baadaye, pakeni vaselini kwenye kingo zilizokatwa, inapunguza kunyauka. Ndani wekeni taa ndogo ya betri badala ya mshumaa. Usiku ule ngazi zenu zitapitiwa na watoto wenye mashuka na mabawa ya kitambaa chepesi, na moto ulio usawa wa goti hauna nafasi hapo.

Ikifika Novemba, msilitupe kwenye pipa la taka. Likishatolewa taa na kama hamkulipaka kitu, kuna wafugaji wanaopokea maboga kwa ajili ya mbuzi na nguruwe, na si vigumu kuwapata mkitoka kidogo nje ya mji. La sivyo lizikwe bustanini, au lipelekwe kwenye lundo la mboji. Mchukueni mama mwende naye. Akiona mbuzi wanagombea lile boga, ile hoja yake ya chakula itakuwa imepata jibu ambalo wewe usingeweza kulitoa kwa maneno.

Halafu tarehe 1 Novemba, au Jumapili inayofuata kama kanisa lenu husogeza sikukuu, nendeni wote kwenye ibada ya Watakatifu Wote. Mume wako amwambie mama mapema kwamba mtakwenda, ili ajue kwamba mkesha huo mnaujua mwisho wake.

Na ile tiketi ya kurudi. Mzee akisema hivyo mara nyingi anauliza kama neno lake bado lina uzito katika nyumba ya mwanawe. Lina uzito, na mwonyesheni kwa kumsikiliza pale alipo sahihi: hakuna chakula kutupwa, hakuna sura za mauti mlangoni. Kama baada ya yote hayo bado atakasirika siku mbili tatu, mvumilieni. Msifiche watoto wala boga, na msiwaambie watoto waseme uongo kwa bibi yao.

Imebaki peremende. Kama mmeamua watoto watoke, baba yao awapeleke kama mwaka jana, safari hii mama akijua. Kama hamtaki kupokea watoto mlangoni, zimeni taa ya barazani, maana watoto wa huko wanajua nyumba yenye giza haigongwi. Lakini mkiwa mmeweka boga linalowaka kwenye ngazi watagonga tu, kwa hiyo bakuli liwe tayari kuanzia giza linapoingia. Wekeni na vitu visivyo vya kula, penseli au vibandiko vya picha, kwa ajili ya watoto wenye mzio wa karanga na maziwa. Ukiona mahali boga lililopakwa rangi ya samawati-kijani, ndiyo ishara kwamba nyumba hiyo ina vitu hivyo. Hilo mnaweza kumpa wa miaka 5 alipake peke yake, mwanzo hadi mwisho.

Shangazi